Jinsi ya Kuzungusha Maumbo kwenye Grafu

Kuzungusha umbo kwenye grafu ni kuisogeza kila nukta ya umbo hilo juu ya tao la duara, kwa pembe moja ileile, huku nukta moja iliyochaguliwa ikibaki palepale. Nukta hiyo isiyosogea huitwa kitovu cha mzunguko, na inaweza kuwa ndani ya umbo, kwenye kona yake au mbali nalo kabisa. Umbo linalopatikana baada ya mzunguko huitwa taswira, na kona yake inayotokana na kona A huandikwa A′. Urefu wa pande haubadiliki, pembe za ndani hazibadiliki, eneo halibadiliki. Kinachobadilika ni mahali umbo lilipo na upande linaoelekea.

Swali la mzunguko linahitaji mambo matatu ili liweze kujibiwa: kitovu kiko wapi, pembe ni ya nyuzi ngapi, na mzunguko unaelekea wapi. Yaandike matatu hayo pembeni mwa karatasi kabla ya kuanza kukokotoa. Mwelekeo usipotajwa, desturi ya hisabati ni kwamba pembe chanya huzunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, yaani kinyumesaa, na pembe hasi huufuata mwendo wa saa. Kwa hiyo nyuzi −90 ni robo mzunguko kwa mwendo wa saa, na robo hiyo ni sawasawa na nyuzi 270 kinyumesaa, kwa sababu njia hizo mbili huishia mahali pamoja. Pembe ikizidi 360, toa 360 hadi ibaki ndogo: nyuzi 450 si kingine ila nyuzi 90.

Kanuni moja inayozaa nyingine

Vitabu vingi huorodhesha kanuni ya nyuzi 90, ya 180, ya 270 na ya 360, kisha mwanafunzi huachiwa azikariri. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ugumu wa mada hii unapoanzia, kwa kuwa kanuni hizo zinafanana mno na hutofautiana kwa alama ya hasi tu, jambo ambalo kumbukumbu hulichanganya kwa urahisi. Inatosha kuielewa moja, ile ya nyuzi 90 kinyumesaa, na hata hiyo inaweza kujengwa upya kila inapohitajika.

Chukua nukta (x, y) na uione kama safari ya hatua mbili kutoka kwenye chanzo, yaani nukta (0, 0): unakwenda hatua x kulia, kisha hatua y juu. Sasa izungushe safari yote nyuzi 90 kinyumesaa. Upande uliokuwa kulia sasa unaelekea juu, na upande uliokuwa juu sasa unaelekea kushoto. Kwa hiyo zile hatua x zilizokuwa za kulia zinakuwa hatua x za juu, na zile hatua y zilizokuwa za juu zinakuwa hatua y za kushoto. Kwenda kushoto hatua y ni kuwa na −y kwenye mhimili wa x. Hivyo basi:

(x, y) → (−y, x)

Kwa maneno, badilishana nafasi za namba mbili, kisha geuza alama ya ile inayokaa mbele. Ukiwa na shaka kuhusu mahali pa kuweka alama hiyo, jaribu nukta (1, 0). Robo mzunguko kinyumesaa huitoa kwenye mhimili wa x na kuipandisha kwenye mhimili wa y, iwe (0, 1). Kanuni unayoikumbuka isipotoa jibu hilo, umeikumbuka vibaya.

Nyuzi 180 ni nyuzi 90 mara mbili. Itumie kanuni ileile juu ya (−y, x): badilishana nafasi, upate x mbele na −y nyuma, kisha geuza alama ya ile ya mbele, na jibu ni (−x, −y). Irudie mara ya tatu kwa nyuzi 270, nawe utapata (y, −x), ambayo pia ndiyo kanuni ya nyuzi 90 kwa mwendo wa saa. Mara ya nne inakurudisha (x, y), na mzunguko umekamilika. Kwa nyuzi 180 mwelekeo hauna maana yoyote, kwa kuwa nusu mzunguko huishia palepale upande wowote unaopitia.

Tuchukue pembetatu yenye kona A(2, 1), B(5, 1) na C(5, 3), tuizungushe nyuzi 90 kinyumesaa kukizunguka chanzo. Umbo lenye pande zilizonyooka halihitaji kuzungushwa nukta kwa nukta. Kona zinatosha, kwa sababu mstari ulionyooka hubaki umenyooka.

A(2, 1) → A′(−1, 2)
B(5, 1) → B′(−1, 5)
C(5, 3) → C′(−3, 5)

Unganisha taswira hizo kwa mpangilio uleule wa herufi. Upande AB ulikuwa umelala, wenye urefu wa vipimo 3. Upande A′B′ sasa umesimama wima, nao una urefu wa vipimo 3. Upande CA una urefu wa kipeuo cha pili cha 13, na C′A′ pia, kwa maana tofauti za x na y zilizokuwa 3 na 2 sasa ni 2 na 3. Pembetatu iliyokuwa kwenye robo ya kwanza ya grafu (kulia juu) imehamia robo ya pili (kushoto juu).

Namba hasi ndizo zinazowapotosha wengi. Alama iliyo kwenye −y haimaanishi kwamba jibu litakuwa hasi; inamaanisha kwamba alama ya y inageuzwa. Nukta (−3, −4) ikizungushwa nyuzi 90 kinyumesaa inakuwa (4, −3), kwani kinyume cha −4 ni 4. Ilikuwa kwenye robo ya tatu (kushoto chini), na sasa iko robo ya nne (kulia chini), kama inavyotarajiwa kwa mwelekeo huo. Mwenye kuandika (−4, −3) amebakiza nukta kwenye robo ileile, na robo mzunguko kukizunguka chanzo haiwezi kamwe kuiacha nukta katika robo yake.

Kuihakiki kazi yako

Ukaguzi wa kawaida ni kupima umbali: umbali kutoka kitovu hadi A lazima ulingane na umbali kutoka kitovu hadi A′. Ni ukaguzi mzuri, lakini una upofu unaopaswa kuujua. Tuseme mtu amebadilishana nafasi za x na y, kisha akasahau kugeuza alama, akapata (y, x). Umbali kutoka chanzo utalingana, na urefu wa pande zote utalingana, ilhali jibu ni batili, kwa kuwa alichokifanya ni kuliakisi umbo katika mstari y = x kama kwenye kioo.

Kosa la namna hiyo hugunduliwa kwa kufuata mpangilio wa kona. Kwenye pembetatu yetu, ukitoka A kwenda B kisha C unazunguka kinyumesaa. Mzunguko hauwezi kubadilisha jambo hilo: ukitoka A′ kwenda B′ kisha C′ ni lazima uzunguke kinyumesaa vilevile. Ukikuta umegeuka na kufuata mwendo wa saa, umeakisi, hukuzungusha.

Kwa nyuzi 90 pekee upo ukaguzi mwingine wa haraka. Zidisha x ya mwanzo kwa x ya taswira, zidisha y ya mwanzo kwa y ya taswira, kisha jumlisha. Kitovu kikiwa chanzo, jumla ni lazima iwe sifuri. Kwa C(5, 3) na C′(−3, 5) tunapata −15 + 15, yaani 0. Jumla ya sifuri inathibitisha kwamba mistari kutoka chanzo hadi nukta hizo mbili inakutana kwa pembe mraba. Haithibitishi mwelekeo, kwa sababu nukta (3, −5) nayo ingetoa sifuri. Kwa mwelekeo, hakuna kinachoshinda kuutazama mchoro.

Anayependa kuhakiki kwa mikono anaweza kuchukua karatasi nyembamba inayopenyeza mwanga, kunakili umbo pamoja na mihimili, kuibana kwa ncha ya penseli kwenye kitovu na kuizungusha. Hata bila karatasi hiyo, kitovu kikiwa chanzo, ugeuze ukurasa wenyewe robo mzunguko kinyumesaa na uzisome kona upya, ukichukulia kwamba kulia kwako ndiko x chanya na juu ndiko y chanya. Majira ya nukta, yaani namba zake x na y, utakayoyasoma ndiyo majira ya taswira.

Kitovu kisipokuwa chanzo

Hapa ndipo kanuni iliyokaririwa bila kueleweka huvunjika, maana (−y, x) ni ya kitovu (0, 0) peke yake. Kitovu kikiwa mahali pengine, usitafute kanuni mpya. Hamisha kila kitu ili kitovu kikae kwenye chanzo, zungusha kama ulivyozoea, kisha rudisha kila kitu kilipokuwa. Kwa hesabu, hizo ni hatua tatu: toa majira ya kitovu, zungusha, jumlisha majira ya kitovu.

Tuchukue pembenne yenye kona P(4, 3), Q(7, 3), R(6, 5) na S(4, 5), izungushwe nyuzi 90 kwa mwendo wa saa kuizunguka nukta K(3, 1). Kwanza toa 3 kwenye kila x na 1 kwenye kila y. Unapata (1, 2), (4, 2), (3, 4) na (1, 4). Namba hizi zinaeleza jinsi ya kufika kwenye kila kona ukianzia K. Kwa mfano, R iko hatua 3 kulia na hatua 4 juu ya K.

Pili, tumia kanuni ya mwendo wa saa, (x, y) → (y, −x). Unapata (2, −1), (2, −4), (4, −3) na (4, −1). Tatu, jumlisha 3 kwenye kila x na 1 kwenye kila y:

P′(5, 0), Q′(5, −3), R′(7, −2), S′(7, 0)

Hakiki kwa kona R. Umbali KR ni kipeuo cha pili cha 9 + 16, yaani 5. Kutoka K(3, 1) hadi R′(7, −2) ni hatua 4 kulia na hatua 3 chini, na umbali ni 5 tena.

Makosa mawili hujitokeza hapa mara kwa mara. La kwanza ni kusahau hatua ya tatu, na taswira huishia karibu na chanzo badala ya kuwa karibu na K. Kwenye mfano wetu, S′ ingeandikwa (4, −1). La pili ni kujumlisha kwanza na kutoa mwishoni. Katika makosa yote mawili urefu wa pande za taswira hubaki sahihi, na mpangilio wa kona pia, kwa hiyo ukaguzi uliotajwa juu hautayafichua usipopima umbali kutoka K yenyewe. Kitovu kinapokuwa moja ya kona za umbo, una ukaguzi wa bure: kona hiyo haipaswi kusogea.

Kwa nyuzi 180 kazi ni nyepesi zaidi. Kitovu huwa katikati kabisa ya nukta na taswira yake, kwa hiyo zidisha majira ya kitovu kwa 2, kisha toa majira ya nukta. Nukta (4, 3) ikizungushwa nyuzi 180 kuizunguka (3, 1) inakuwa (6 − 4, 2 − 3), yaani (2, −1).

Pembe nyinginezo

Pembe isiyo kizidishe cha 90 inahitaji sini na kosini. Kukizunguka chanzo, kwa pembe θ kinyumesaa, kanuni ni:

x′ = x kos θ − y sin θ
y′ = x sin θ + y kos θ

Hoja yake ni ileile ya safari ya hatua mbili. Hatua moja ya kulia, baada ya kuzungushwa, haiendi tena juu moja kwa moja. Inakwenda kos θ kulia na sin θ juu. Hatua moja ya juu inakwenda sin θ kushoto na kos θ juu. Jumlisha hatua x za aina ya kwanza na hatua y za aina ya pili, na kanuni imepatikana. Ukiweka θ = 90, kosini ni 0 na sini ni 1, na (−y, x) inarudi yenyewe.

Tuizungushe nukta T(4, 2) kwa nyuzi 30. Kosini ya 30 ni 0.866 na sini ni 0.5, basi x′ = 3.464 − 1 = 2.464, na y′ = 2 + 1.732 = 3.732. Mraba wa umbali wa T kutoka chanzo ni 16 + 4 = 20. Kwa taswira, 2.464 × 2.464 ni takriban 6.07 na 3.732 × 3.732 ni takriban 13.93, jumla 20. Kabla ya kuyaamini majibu kama haya, thibitisha kwamba kikokotoo kimewekwa kusoma nyuzi na si radiani, ambayo ni kipimo kingine cha pembe. Andika sini ya 30, na isipotokea 0.5, badilisha mpangilio wake.

Usitarajie majibu ya namba kamili. Kwa nyuzi 60, kwa mfano, nukta yoyote yenye majira ya namba kamili, isipokuwa chanzo chenyewe, haiwezi kuangukia nukta nyingine yenye majira ya namba kamili, kwa sababu sini ya 60 ina kipeuo cha pili cha 3 ndani yake. Kutokana na hilo, huwezi kuchora pembetatu ya pande tatu sawa ambayo kona zake zote ziko kwenye makutano ya mistari ya karatasi ya miraba, hata ujaribu vipi.

Kwa wanaochora kwa kompyuta, kuna tahadhari. Programu nyingi za michoro huweka chanzo kwenye kona ya juu kushoto ya skrini, na thamani ya y huongezeka kwenda chini. Kanuni hizihizi zikitumika huko huligeuza umbo kwa mwendo wa saa machoni pa mtazamaji, ingawa hesabu haina kosa lolote.

Kutafuta kitovu na pembe

Wakati mwingine unapewa umbo na taswira yake, unatakiwa useme mzunguko uliotumika. Kwa kuwa kitovu kiko umbali sawa kutoka D na D′, lazima kiwe kwenye mstari unaokikata kipande DD′ katikati kwa pembe mraba. Hivyohivyo kwa E na E′. Mistari miwili ya namna hiyo inapokutana, hapo ndipo kitovu kilipo.

Chukua D(5, 1) yenye taswira D′(2, 4), na E(7, 2) yenye taswira E′(1, 6). Nukta ya kati ya DD′ ni (3.5, 2.5) na mteremko wake ni −1, kwa hiyo mstari unaoukata kwa pembe mraba una mteremko 1, nao ni y = x − 1. Nukta ya kati ya EE′ ni (4, 4) na mteremko wake ni −2/3, kwa hiyo mstari wa pili una mteremko 3/2, nao ni y = 1.5x − 2. Ukizilinganisha, x − 1 = 1.5x − 2, unapata x = 2 na y = 1. Kitovu ni (2, 1). Kutoka hapo, D iko hatua 3 kulia na D′ iko hatua 3 juu, basi pembe ni nyuzi 90 kinyumesaa.

Ikitokea mistari miwili ikalaliana badala ya kukatana, nukta zako zilikuwa kwenye mstari mmoja na kitovu. Chagua jozi nyingine. Na ukiona vipande DD′ na EE′ vina nukta moja ya kati, acha kutafuta zaidi, maana huo ni mzunguko wa nyuzi 180 na nukta hiyo ndiyo kitovu.

Mistari na duara

Mstari usio na mwisho hauna kona, lakini nukta mbili zozote zake zinatosha. Ili kuzungusha y = 2x + 1 nyuzi 90 kinyumesaa kukizunguka chanzo, chagua (0, 1) na (1, 3). Taswira zake ni (−1, 0) na (−3, 1), na mstari unaozipitia una mteremko −1/2, yaani y = −x/2 − 1/2. Zao la miteremko, 2 × −1/2, ni −1, kama inavyopasa mistari inayokutana kwa pembe mraba.

Duara ni rahisi kuliko maumbo yote haya. Zungusha kitovu chake tu na uache nusu kipenyo kilivyo: duara lenye kitovu (5, 2) na nusu kipenyo 4, likizungushwa nyuzi 90 kinyumesaa kukizunguka chanzo, linakuwa na kitovu (−2, 5) na nusu kipenyo kilekile cha 4.